Skrubu ya Inchi, Duka la Milimita

Kinachomtesa zaidi fundi wa gitaa la umeme la zamani ni vipimo. Kutu angalau huonekana. Hupakwa mafuta, huachwa usiku kucha, na mara nyingi huachia. Kipimo hudanganya macho. Fender Stratocaster, iliyoingia sokoni Marekani mwaka 1954, ina vibebea nyuzi sita kwenye daraja, na kila kimoja hupandishwa na kushushwa kwa skrubu mbili ndogo zenye unene wa milimita 2.84 na hesi 40 kwa inchi. Mpiga gitaa wa kwaya huko Dongobesh au Katesh akiulizia skrubu mbadala dukani, atakayobahatika kupata ni ya milimita 3.

Zikiwekwa kiganjani zinafanana kama pacha. Lakini ya dukani husogea nusu milimita kwa kila mzunguko, na ile ya zamani milimita 0.635. Ikilazimishwa huingia kidogo, kisha hukwama. Anayeongeza nguvu hapo huchana hesi za kibebea chenyewe, na hitilafu ya skrubu moja inakuwa hitilafu ya daraja zima.

Wilaya ya Hanang, iliko Katesh, imeshaonja mgongano huu wa inchi na milimita kwa vyuma vikubwa. Mashamba ya ngano ya Basotu yalijengwa kwa msaada wa Kanada katika miaka ya 1970, na mitambo ya Kanada wakati ule ilifungwa zaidi kwa bolti za inchi. Marekani, Uingereza na Kanada zilikuwa zimekubaliana mwaka 1948 juu ya mfumo mmoja wa hesi. Bolti ya trekta na skrubu ya gitaa ni ndugu katika mfumo huo. Fundi aliyewahi kufungua trekta la namna hiyo tayari ana tabia inayotakiwa: huijaribu nati kwa vidole kabla ya kushika spana.

Vidhibiti vya volyumu navyo vina kisa hichohicho. Vya Marekani huwa na shingo ya milimita 9.5, vingi vya Asia milimita 7 au 8. Kidogo kikiwekwa kwenye tundu kubwa, washa pana inatosha. Kinyume chake ni kutoboa gitaa upya, na tundu la mbao halirudi.

Kibebea cha aloi ya zinki kikivunjika, mambo huwa magumu zaidi. Aloi hiyo huyeyuka karibu nyuzijoto 385, kwa hiyo moto wa kuchomelea chuma huigeuza uji kabla ya kuiunga. Gundi nayo haihimili mvuto wa uzi kwa muda mrefu. Hapa afadhali kuachana na kipande cha zamani na kuchonga kipya kwa shaba njano, na ushauri huu una mizizi: magitaa ya kwanza ya Fender Telecaster, mwanzoni mwa miaka ya 1950, yalikuwa na vibebea vitatu vya shaba njano. Wahunzi wa Kidatoga huyeyusha shaba hiyo kutoka kwenye mabomba na kufuli chakavu kutengeneza bangili. Kipande cha mviringo kutoka kalibu yao, kikipigwa tupa taratibu na kutobolewa tundu jipya, kinaweza kukatwa hesi za milimita 3 tangu mwanzo. Kuanzia hapo skrubu ya duka la Katesh inaingia bila kulazimishwa, na zile za inchi zilizosalia nzima hufungwa kwenye karatasi na kuwekwa ndani ya kasha la gitaa, kwa ajili ya vibebea ambavyo bado vinazihitaji.