Ondoka Kwenye Tovuti Kwanza

Kwa miaka mingi vyuo vya Marekani vilimfundisha mwanafunzi kuipima tovuti kwa orodha ya maswali. Iliyoenea zaidi ilitungwa mwaka 2004 na mkutubi Sarah Blakeslee wa chuo kikuu cha jimbo mjini Chico, California. Habari ni ya lini? Mwandishi ni nani? Ana lengo gani? Maswali si mabaya. Kasoro ni kwamba mwanafunzi huyajibu akiwa bado ndani ya tovuti ileile anayoitilia shaka, na muuza maembe hakwambii kuwa maembe yake ni machachu.

Mwaka 2017 watafiti Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliianika kasoro hiyo. Walichukua watu 45: wanahistoria 10, wahakiki wa habari 10 na wanafunzi 25. Wakawapa, miongoni mwa kazi nyingine, makala mbili kuhusu uonevu shuleni. Moja ilitoka American Academy of Pediatrics, chama kikuu cha madaktari wa watoto kilichoanzishwa 1930. Nyingine ilitoka American College of Pediatricians, kikundi kidogo kilichojitenga nacho mwaka 2002 kwa kupinga wapenzi wa jinsia moja kuasili watoto. Kwa macho tu, zote zilikuwa na nembo nadhifu na madaktari wenye vyeo. Wanafunzi walisoma toka juu hadi chini, na wengi wakakiamini kikundi kidogo. Hata baadhi ya wanahistoria walibabaika. Wahakiki hawakukaa: walifungua dirisha jingine, wakaandika jina la chama, wakasoma wengine wanasemaje juu yake.

Mtaalamu wa Marekani wa uhakiki wa habari za mtandaoni, Mike Caulfield, aliugeuza mwenendo huo wa wahakiki kuwa hatua nne ziitwazo SIFT, kwa herufi za kwanza za Kiingereza: simama, chunguza chanzo, tafuta taarifa bora zaidi, fuatilia dai hadi lilikotoka. Hatua hizo hazikaririwi. Mwalimu huwasha projekta, hufungua ukurasa halisi, hutafuta huku akisema kwa sauti anachowaza, kisha huwapa wanafunzi ukurasa mwingine na dakika chache. Wikipedia, inayokatazwa na wahadhiri wengi, hapa huwa kituo cha kwanza. McGrew na wenzake walijaribu vipindi viwili tu katika chuo kimoja, na wanafunzi wakawapita wenzao ambao hawakufundishwa.

Kwa mwanafunzi wetu anayesoma kwa simu na bando la kuhesabu, mbinu hii inafaa hasa, kwani inapunguza kusoma. Kinachobaki ni mtihani: mhadhiri atoe alama kwa njia aliyopita mwanafunzi kutafuta, si kwa jibu peke yake.