Kumkwamulia mzee gari lake bila kumpokonya

Uingereza ina magari yaliyozeeka kabla hayajaingia barabarani hata siku moja. Yamo kwenye mabanda nyuma ya nyumba, chini ya turubai: chesisi imeshapakwa rangi, injini imeshakaa mahali pake, usukani umefungwa, taa mpya bado zimo ndani ya maboksi. Ni magari ya kujiundia, yanayonunuliwa kwa vipande na kuungwa nyumbani kwa spana za mwenyewe. Mwenye gari mara nyingi ni baba wa mtu, na kila Krismasi familia humtania litaisha lini. Kisha mtoto anashika kazi, anapata senti zake, na wazo linamjia: tummalizie mzee gari lake kimyakimya, tumshtukize siku yake ya kuzaliwa.

Wazo ni zuri. Utekelezaji wake ndio ninaotaka kuuchambua, maana gari la namna hii halikwamuliwi kwa mapenzi na pesa peke yake, na mipaka ya siri hupangwa na bolti kuliko inavyopangwa na wanafamilia.

Desturi hii ya kujiundia magari ililelewa na kodi. Colin Chapman, mwanzilishi wa kampuni ya Lotus, alipotoa gari la Lotus Seven mwaka 1957, gari lililotoka kiwandani likiwa kamili lilitozwa kodi ya manunuzi, ila aliyenunua vipande akajiungia mwenyewe aliikwepa kihalali. Nafuu hiyo ilikufa Aprili 1973, VAT ilipochukua nafasi ya kodi ya zamani. Mwaka huohuo haki za gari hilo zikahamia kampuni ya Caterham, ambayo mpaka leo humuuzia anayetaka gari likiwa kwenye maboksi. Kodi iliondoka, mazoea yakabaki. Mwaka 1996 Ron Champion akatoa kitabu kilichowafundisha watu kujichomelea gari linalofanana na Lotus hiyo: chesisi ya mabomba ya chuma ya pembe nne yenye upana wa milimita 25, na karibu kila kitu kingine kitolewe kwenye Ford Escort kuukuu, kuanzia injini, giaboksi na breki hadi ekseli ya nyuma. Jalada liliahidi kwamba kazi yote yaweza kufanyika kwa pauni 250. Ahadi hiyo iliuza vitabu, na nadhani ndiyo pia iliyojaza mabanda. Magari hayo huitwa Locost, na ndiyo nitakayoyatumia kama mfano.

Tuseme mzee alianza mwaka 1997. Alichomelea chesisi, akaweka injini ya Escort, akapiga bati za alumini ubavuni, kisha akasimama. Kwa nini hapo? Anayejua pagala la Dar es Salaam hahitaji maelezo marefu: kuta husimama haraka na kila mpita njia huziona, halafu umeme na mabomba hula miaka. Kwenye gari ni vilevile. Kuchomelea kuna raha yake, matokeo yanaonekana jioni ileile. Nyaya, mabomba ya breki na makaratasi ya usajili havimfurahishi mtu. Kwa hiyo swali la kwanza la mtoto mwenye nia njema liwe hili: mzee alikwama wapi hasa? Pesa iliisha, mgongo ulianza kuuma, au kuna kazi moja anayoiogopa? Kumnunulia rimu za kung'aa mtu aliyeshindwa na nyaya ni kumwongezea boksi jingine la kukanyagia bandani.

Televisheni imetufundisha jibu rahisi. Marekani kulikuwa na kipindi cha Overhaulin', kilichoanza mwaka 2004 kikiwa na mbunifu Chip Foose: ndugu wa mwenye gari walishiriki njama, gari likachukuliwa, mwenyewe akaaminishwa limeibwa au limepatwa na mkasa, na kikosi cha mafundi kikalijenga upya kwa wiki moja. Uingereza wana Car SOS, tangu 2013, ambamo Tim Shaw na fundi Fuzz Townshend hupokea maombi ya familia, hulichukua gari la mtu aliyeandamwa na maradhi au misiba, na kumrudishia likiwa jipya. Machozi hutoka na kipindi kinakwisha. Sina ugomvi na vipindi hivyo. Ila angalia aina ya gari: kwa kawaida ni gari lililotoka kiwandani, likatembea, likaharibika. Mwenyewe anachotaka ni kuliendesha tena. Mzee wa Locost alitaka kulijenga. Ukimletea likiwa limekamilika, umempa gari na umemnyang'anya kazi yake. Kwa hiyo njia ya televisheni, kwa maoni yangu, haifai hapa, na si kwa sababu za moyo tu. Sheria nayo ina neno lake, nitalifikia.

Njia inayofaa huanza na sensa. Siku mzee hayupo, piga picha kila boksi, kila rafu, kila ukurasa wa daftari lake, halafu rudisha kila kitu kama kilivyokuwa. Mtu aliyeishi na rundo la vyuma miaka 20 anajua bisibisi yake ililala upande gani. Kutokana na picha hizo gawa kazi mafungu mawili: vinavyofunguka vikatoka, na visivyotoka. Vinavyotoka vinaweza kutengenezwa chumbani kwako, mji mwingine, kwa miezi. Visivyotoka vinasubiri wikendi moja ambayo mzee amepelekwa harusini. Siri yote inategemea mgawanyo huo.

Kazi ya kwanza kwenye fungu la vinavyotoka ni breki. Kalipa za mbele za Escort hutoka kwa bolti mbili kila upande. Ukizifungua utakuta habari mbaya: pistoni imeota vidoadoa vya kutu pale inapopita kwenye mpira, kwa kuwa mafuta ya breki ya kawaida hunyonya unyevu wa hewa hata gari likiwa limesimama. Ndiyo maana mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hutakiwa yasichemke chini ya nyuzi 230 za Selsiasi, na yakishanyonya maji kiasi cha asilimia 3.7 hutarajiwa kuhimili nyuzi 155 tu. Pistoni yenye vidoa haisuguliwi kwa msasa ikarudishwa, hubadilishwa pamoja na mipira yake yote. Masta silinda nayo ni hivyohivyo. Hii ni kazi ya mezani, safi, na mzee hatagundua ukimwachia kalipa kuukuu za kukopa mahali pake.

Kazi ya pili ni nyaya, na hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu ndipo magari mengi ya kujiundia yalipozikwa. Mzee alikata mtandao wa nyaya wa Escort akiwa na nia ya kuupunguza, akabaki na kitu kama wavu wa mvuvi uliokamatwa na mwamba. Usiufumue. Chukua vipimo vya chesisi, chora gari kwenye ubao wa plaiwudi kwa ukubwa wake halisi, piga misumari pale taa, betri, stata, alteneta na dashibodi vitakapokuwa, kisha sokota mtandao mpya juu ya ubao huo. Kila waya uwe na lebo. Ukimaliza unauvua mzima mzima kutoka kwenye misumari na kuukunja ndani ya mfuko.

Kuna mtego mmoja unaowanasa hata mafundi umeme wa magari ya kawaida. Kwenye Escort, taa hupata ethi yake kutoka kwenye bodi, kwa kuwa bodi nzima ni chuma. Madigadi ya Locost ni ya faiba, na faiba haipitishi umeme. Taa ya nyuma ikifungwa hapo bila waya wake wa ethi hadi kwenye chesisi, kinachotokea ni kichekesho: unakanyaga breki, na taa za kuegesha zinawaka kwa unyonge upande wa pili, au indiketa inapepesa ikiwa hafifu. Umeme umekosa njia ya kurudi, ukajitafutia kupitia balbu nyingine. Mtu anaweza kubadilisha swichi, fyuzi na balbu mwaka mzima asipate dawa. Dawa ni waya mmoja mweusi kwa kila taa, na rangi ikwanguliwe pale unapofungwa kwenye chesisi hadi chuma kionekane. Sishangai nikisikia kazi ya miaka 10 ilisimama kwa kukosa waya huo.

Injini haitoki bila kelele, kwa hiyo iingie kwenye ile wikendi. Na usithubutu kuiwasha. Injini iliyokaa miaka bila kuzunguka imekauka ndani; ukiigeuza kwa stata moja kwa moja, ringi za pistoni zinakwaruza silinda kavu. Toa plagi, mimina oili kidogo kwenye kila silinda, acha ilale usiku mmoja, kisha izungushe kwa mkono kwa spana kwenye puli ya mbele. Ikizunguka laini, badilisha oili na filta, halafu iendeshe kwa stata plagi zikiwa bado nje mpaka taa ya presha ya oili izimike. Platini zikwanguliwe au zibadilishwe. Mipira ya petroli yote itupwe hata ikiwa inaonekana mizima: tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ya Uingereza inaruhusiwa kuwa na ethanoli hadi asilimia 10, na mipira ya zamani haikutengenezwa kwa ajili hiyo, hupasuka na kuvuja. Matairi nayo yana cheti cha kuzaliwa ubavuni. Tarakimu nne kama 2304 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2004, na yakiwa na tarakimu tatu ni ya kabla ya mwaka 2000. Hata kama hayajagusa lami, hayafai.

Sasa lile neno la sheria. Mzee alipoanza, mwaka 1997, ukaguzi wa kabla ya usajili uitwao SVA ulikuwa bado haujaanza kwa magari madogo. Ulikuja mwaka 1998, na mwaka 2009 nafasi yake ikachukuliwa na IVA. Gari hukaguliwa kwa kanuni za siku linapopelekwa kusajiliwa, si za siku ya kununua bomba la kwanza. Kwa hiyo alivyojenga kwa uhalali wakati ule vinaweza kuangushwa leo. Kona na ncha za nje ambazo mtu anaweza kugusana nazo zinatakiwa ziwe na mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 2.5, ndiyo maana wajenzi huvalisha mpira kwenye kingo za bati. Usukani unatakiwa urudi wenyewe katikati baada ya kona, jambo linalosumbua magari mepesi ya aina hii. Kiwango cha moshi hutegemea umri wa injini, na umri huo uthibitishwe kwa karatasi. Bila ushahidi, injini ya miaka ya 70 inaweza kupimwa kama ya juzi.

Zaidi ya hayo, njia nyepesi zaidi ya ukaguzi huo ni ya mjenzi wa nyumbani: mtu aliyejenga kwa matumizi yake, si kwa biashara, naye hutoa tamko akiambatanisha picha za hatua za ujenzi na risiti. Hapo mshtuko wa televisheni unagonga ukuta. Ukilipeleka gereji likamaliziwa na watu wa kulipwa, tamko la mzee linakuwa na doa na picha zake zinakatika katikati. Ukimsaidia wewe kama mwanawe, ukapiga picha kila hatua na kutunza kila risiti, kumbukumbu yake inaendelea pale alipoiachia. Maboksi ya karatasi yana thamani kuliko maboksi ya vyuma, chuma kinanunulika.

Swali la mwisho la kiufundi ni wapi uishie. Mimi ningeishia hapa: breki zimefungwa na kutolewa upepo, mtandao wa nyaya umelazwa na kila plagi yake imefika mahali pake, injini inazunguka kwa mkono na oili imepanda, orodha ya vitakavyoangushwa na IVA imeandikwa na kubandikwa ukutani. Petroli isiwekwe. Betri isiunganishwe. Bodi isipakwe rangi, kwanza kwa sababu rangi ni uchaguzi wake, pili kwa sababu baada ya ukaguzi kuna vitu vitakavyokatwa na kutobolewa upya. Mzee akivua turubai akute gari lake lilelile, ila kile kilichomshinda hakipo tena, na kilichobaki ni kazi anazoziweza na anazozipenda.

Wapo watakaosema huo si mshtuko, ni nusu ya zawadi. Wajaribu kumkabidhi mjenzi funguo za gari alilomaliziwa na wengine, kisha wahesabu mara anazolitoa bandani. Na kama bajeti yako ni ndogo mwaka huu, nunua mipira ya breki, tafuta karatasi za umri wa injini, na zile pesa za rangi ziache benki.