Atomu Zinapopita Karibu na Ukuta

Magharibi ikiingia huku Magogoni, Kisauni, na taa kuwashwa, mijusi kafiri hutoka nyuma ya mapazia wakawinda wadudu darini na kwenye vioo vya madirisha. Hawana gundi, na kioo hakina pa kukwamisha ukucha. Siri iko kwenye vinyweleo vya vidole, ambavyo huchanuka ncha ndogo mno, na ncha hizo huukaribia ukuta kiasi cha atomu za huku na za kule kuvutana. Kellar Autumn na wenzake walitoa ushahidi wa hilo mwaka 2002, kwa kumchunguza mjusi wa Asia aitwaye tokay. Mvuto huo ni nguvu ya van der Waals.

Kuupima kwa mnyama mzima kunawezekana kwa vyombo vya kawaida vya maabara. Kuupima kwa atomu zinazoruka huru, zikiupita ukuta kwa kasi ya mamia ya mita kwa sekunde, ni kazi ya mafundi wachache, na ufundi wao unastahili kusifiwa.

Malighafi yao mara nyingi ni siziamu, metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 28.5 za Selsiasi. Mchana wa Machi huku Kisauni, siziamu iliyofungiwa ndani ya kioo ingegeuka majimaji yenyewe, bila moto wowote, yakang'aa kwa rangi ya dhahabu iliyopauka. Lakini kioo kisipasuke! Siziamu ikikutana na hewa huwaka. Ikikutana na maji hulipuka.

Kwa hiyo kila kitu hufanyika ndani ya chombo kilichonyonywa hewa na kuzibwa. Chombo chembamba mno kilisanifiwa Ashtarak, Armenia, na David Sarkisyan na wenzake, wakakitangaza mwaka 2001 pamoja na wanafizikia wa Ufaransa. Vipande viwili vya fuwele ngumu, kama yakuti isiyo na rangi, hukaribianishwa hadi nafasi kati yao ipungue chini ya mikroni moja. Nafasi hiyo hailingani kote, na mwanga ukiiangukia hutoa mistari ya rangi; fundi huisoma mistari hiyo akajua wapi pana unene gani. Metali yenyewe hukaa kwenye kishina pembeni, nacho hutunzwa kiwe na joto dogo kuliko madirisha, la sivyo mvuke ungeganda juu ya yakuti na kuziba njia ya leza inayozichunguza atomu.

Wembamba huo una faida isiyotarajiwa. Atomu inayoelekea dirishani hugonga ukuta kabla haijapata muda wa kuitikia leza. Zinazosikika vizuri ni zile zinazoteleza sambamba na ukuta, na kwa kuwa hazikimbilii mwanga wala kuukimbia, sauti yao hutoka safi. Ukuta ukizivuta, rangi zinayoitikia husogea kidogo mno. Umbali ukipungua nusu, msogeo huongezeka mara nane. Hendrik Casimir na Dirk Polder walikuwa wameonyesha mwaka 1948 kwamba kanuni hiyo hubadilika umbali ukizidi, kwa sababu mwanga nao huchukua muda kusafiri.

Kundi la Martial Ducloy na Daniel Bloch, huko Villetaneuse kaskazini mwa Paris, liling'ang'ana na mvuto huu wa ukuta kwa miongo. Mwaka 1999 walionyesha kwamba atomu ya siziamu iliyopandishwa ngazi fulani ya nishati husukumwa na yakuti badala ya kuvutwa, kwa kuwa mtetemo wa atomu umelingana na ule wa uso wa yakuti. Mwaka 2007 wakashuka hadi chombo chenye nafasi ya nanomita 40.

Watengenezaji wa saa za atomu huuona ukuta kama adui, maana atomu za rubidiamu zilizo ndani ya saa hizo zikigonga kioo hupoteza mapigo yake. Saa za namna hiyo zimo kwenye setilaiti za GPS, na simu ya mwendesha bodaboda wa Magogoni huzitegemea kila anapotafuta nyumba ya mteja. Huko Villetaneuse ukuta ndio unaohojiwa.

Athanasios Laliotis na wenzake wa maabara ya Villetaneuse waliipasha yakuti moto mwaka 2014, wakaona mvuto ukibadilika kadiri joto lilivyopanda. Mwaka 2021 maabara hiyo ilizigeukia molekuli, ikiwemo amonia, ambazo huitikia mwanga kwa unyonge kuliko siziamu na zina ngazi nyingi zaidi za kutenganisha.