Mgongo wa Mkulima

Wachoraji wengi wakitaka tumwonee mkulima huruma hututazamisha uso wake. Jean-François Millet alituonyesha mgongo, na kwa hilo peke yake namweka mbele ya wenzake wote wa Ufaransa ya karne ya 19.

Shamba alilijua. Alizaliwa mwaka 1814 katika kijiji cha Gruchy, Normandy, kwa wazazi wakulima, na alishika jembe kabla ya kushika brashi. Mwaka 1849 aliihama Paris na familia yake, akaenda Barbizon, kando ya msitu wa Fontainebleau, akaishi huko mpaka alipofariki mwaka 1875.

Sifa zake nyingi zimetokana na picha za rangi ya mafuta. Mimi moyo wangu uko kwenye zile za karatasi, alizochora kwa kreyoni nyeusi ya Conté. Aliipitisha kreyoni kwa wepesi juu ya karatasi yenye chembechembe, weusi ukashika kwenye vinundu na vijibonde vikabaki vyeupe. Alipotaka giza, alikandamiza. Mwanga hakuupaka, aliuacha. Katika michoro yake ya wanawake wanaoshona usiku, taa inawaka pale ambapo kreyoni haikufika, na giza lote la chumba linaisogelea.

Kisha watazame waokota masuke, aliowachora mara nyingi kabla ya kuwapaka rangi mwaka 1857. Ni maskini walioruhusiwa kuingia shambani baada ya mavuno kuokota yaliyosalia. Mmoja ananyoosha mkono chini, mkono mwingine ameuweka mgongoni. Wa pili ameinama vivyo hivyo. Wa tatu anainuka, lakini kiuno hakijakubali. Nyuso zao hazisomeki, wala hazihitajiki: aliyewahi kupalilia tangu alfajiri anaujua uchovu huo ulipo. Wakosoaji wa Paris waliona humo kitisho cha kisiasa. Naamini hawakuitazama mistari.

Vincent van Gogh aliitazama. Akiwa hospitalini Saint-Rémy, mwaka 1889, alichukua chapa zisizo na rangi za michoro ya Millet ya kazi za shambani, akazichora upya kwa rangi.

Walimu wa sanaa, waanzisheni wanafunzi wenu hapo. Wapeni kreyoni moja nyeusi na karatasi ya kukwaruza, muwapeleke shambani wakati watu wanalima.