Namba Isiyosema Kitu

Anayejifunza kubuni majedwali ya hifadhidata huutafuta kwanza ufunguo msingi, yaani thamani inayoutambulisha kila mstari peke yake, ndani ya taarifa zenyewe. Tuseme ni jedwali la wagonjwa wa zahanati. Atachagua jina, kisha atakumbuka kwamba kata moja inaweza kuwa na akina Juma Hamisi watano. Atahamia kwenye namba ya simu. Lakini laini hupotea, na isipotumika muda mrefu kampuni humpa mtu mwingine namba ile ile. Tena mama na wanawe watatu huandikishwa kwa simu moja. Hata tarehe ya kuzaliwa, kwa wazee wengi, ni makisio.

Hapo ndipo ninapoipenda namba tupu. Haisemi mgonjwa katoka wapi wala ana umri gani, na kwa kuwa haisemi kitu, hakuna linaloweza kutokea maishani mwake likaigeuza kuwa uongo. Ataolewa, atahama, atabadili jina. Majedwali ya vipimo, dawa na malipo yataendelea kumpata kwa namba ile ile. Edgar F. Codd wa IBM alizungumzia ufunguo msingi katika makala yake ya 1970 iliyozaa hifadhidata za uhusiano, na masharti tunayoyafuata leo ni mawili tu: thamani isijirudie, wala isikosekane.

Nani aigawe namba hiyo? Makarani wawili wakiandikisha kwa wakati mmoja, na programu ya kila mmoja ikatazama namba kubwa kuliko zote na kuongeza moja, wote watapata ile ile. Kwa hiyo kazi huachiwa hifadhidata. Katika MySQL unaitangaza safuwima kuwa AUTO_INCREMENT, ukiandika mstari mpya unaiacha wazi, na namba inajijaza.

Wengi hukerwa na mapengo: 41, 42, 44. Muamala uliochukua 43 ulighairiwa, na namba haikurudishwa, maana kungoja hatima yake kungewasimamisha wote waliokuwa nyuma. Mimi nayaheshimu mapengo hayo. Anayepanga namba upya ili zipendeze macho anahatarisha cheti cha zamani kumwonyesha mgonjwa mwingine. Mhasibu akitaka stakabadhi zisizoruka, apewe safuwima yake. Hatari ya namba kurudi kwa mtu mwingine iliwahi kuwemo hata ndani ya MySQL: kabla ya toleo la 8.0, injini yake ya InnoDB iliiweka hesabu ya namba inayofuata kwenye kumbukumbu ya muda. Seva ikizimwa na kuwashwa, namba ya mwisho iliyofutwa iliweza kutolewa tena. Nililifurahia sana rekebisho la toleo hilo.

Limebaki suala la ukubwa. Namba kamili ya kawaida ya baiti nne hukomea 2,147,483,647. Wagonjwa wa zahanati hawataifikia, ila jedwali linalorekodi kila tukio la mfumo mkubwa litaifikia, na siku hiyo halitapokea mstari mpya. Kuipanua wakati huo ni kuliandika upya jedwali zima pamoja na yote yanayolirejelea. Mimi huchagua BIGINT, aina ya namba kamili iliyo kubwa zaidi, tangu siku ya kwanza, na baiti nne za ziada kwa kila mstari nazilipia kwa moyo mweupe.