Modo ya Kwanza si ya Kilio

Siku moja ya Pasaka nilisikia wimbo mzuri ukiharibiwa na kidole kimoja. Waimbaji walianza «Victimae paschali» vema: re, kisha do chini yake, kisha re tena. Lakini mpiga kinanda aliipandisha ile do kwa nusu sauti, akidhani wimbo ni wa minori. Mara waimbaji wakavutwa huku na huku, na furaha ya Pasaka ikapoa.

Simlaumu sana, alijifunza kwa nyimbo za Ulaya za siku hizi. Lakini wimbo huu ni wa modo ya kwanza ya Kanisa, iitwayo pia modo ya Dorio. Anza kwa re, upande hadi re ya juu kwa funguo nyeupe tu: ndiyo hiyo. Noti yake ya tatu, fa, inafanana na ya minori, na hapo ndipo watu hukosea. Minori ya re huishusha noti ya si kwa bemoli, tena mara nyingi huipandisha do kwa dieze, ili iisukume sauti kurudi re. Modo ya kwanza haina haraka hiyo. Noti yake ya si ni safi, ila pale kitabu kinapoweka bemoli; na do yake hukaa sauti nzima chini ya re.

Wengine husema modo hii ni ya huzuni. Nakataa. «Dies irae», ulioimbwa karne nyingi katika Misa ya wafu mpaka matengenezo yaliyofuata Mtaguso wa pili wa Vatikano (1962-1965), ni wa modo hiyo hiyo, nao hugusa do hiyo hiyo kabla ya kutulia katika re. Wimbo wa maziko na wimbo wa ufufuko ni watoto wa nyumba moja! Basi furaha haitoki katika ngazi ya sauti peke yake. Hutoka pia katika maneno, mwendo na pumzi za waimbaji.

Mpiga kinanda afanyeje? Akirudi re, aache la-do dieze-mi, atumie do-mi-sol. Penye si safi, sol-si-re itafaa. Tena, kabla ya yote, waimbaji wajifunze wimbo bila kinanda, hata masikio yao yaizoee do. Kisha kinanda kiwafuate polepole, kama mtumishi.