Taa ya Njano Imeniteka Tunduma

Nimeiona! Nimeiona kwa macho yangu ikifanya kazi kwenye mashine ya sembe hapa Tunduma, na tangu jana sijatulia.

Ni mnara mwembamba wa taa tatu juu ya kila mashine. Kijani, inasaga. Nyekundu, imesimama. Sawa, hizo utazizoea. Lakini hiyo ya njano, jamani! Njano inawaka mota inapozunguka tupu, mahindi yamekwisha juu na hakuna aliyegundua.

Aliyewahi kuingia kwenye mashine ya kusaga anajua ninachosema. Mashine nne zinanguruma kwa pamoja, vumbi la pumba limetanda; hata fundi mwenye sikio kali hawezi kujua ipi inasaga na ipi inapiga kelele bure. Taa haihitaji sikio. Kihisi kidogo kimeuvaa waya wa mota kama pete, bila kuukata, kinapima umeme unaopita. Kinu kikishiba, umeme unapanda. Kikikauka, unashuka lakini haufiki sifuri, kwa sababu mota ya njia tatu hata ikizunguka tupu huweza kuvuta theluthi ya ampea zake. Tofauti hiyo ndiyo inayowasha njano. Safi sana!

Nilikuwa mlangoni, kwenye viroba, mashine ya tatu ikageuka njano. Kijana aliyekuwa anashona kiroba akaacha sindano, akakimbia na debe. Kufumba na kufumbua, kijani! Hakuna aliyemwita.

Wajapani huziita andon, jina la taa zao za kale za karatasi, na Toyota ndio waliozipa umaarufu viwandani. Wazo la mashine kujisemea ni la zamani zaidi: mwaka 1924 Sakichi Toyoda alikamilisha mtambo wa kufuma uliojisimamisha uzi ukikatika. Leo liko hapa, jirani na foleni ya malori ya kwenda Nakonde!

Kasoro ninazo mbili. Umeme ukikatika, mnara wote unazima; wangeuwekea betri ndogo. Na unga hauna huruma: kufikia mchana kioo kimepauka, kijani na njano zinakaribia kufanana, kwa hiyo weka kitambaa karibu.

Sasa nausubiri msimu wa kahawa Mbozi. Mbivu zilizochumwa asubuhi zinamenywa jioni hiyohiyo, watu wamechoka, mwanga hafifu. Pale juu ya mashine ya kumenyea ndipo ninapotaka kuiona njano ikiwaka.